Pembetatu Iliyokosekana Mwanza

Tarehe 3 Agosti, 1858, John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka kilimani karibu na Mwanza. Kwa dira aliweza kupima mielekeo ya visiwa na vilima. Lakini mwelekeo uliopimwa mahali pamoja, hata kwa uangalifu mkubwa, hauelezi umbali.

Kilichokosekana ni mstari wa pili. Mtu akisimama ufukoni Kirumba akilikabili jabali lililo majini, kisha akaenda hatua 100 kwa pembe mraba na mwelekeo ule, pembetatu imepatikana. Pembe kali ya pale alipofika ikiwa nyuzi 60, tanjenti yake, yaani upande unaoikabili ukigawanywa kwa ule ulio kando yake usio hipotenusi, ni 1.73, basi jabali li umbali wa hatua 173 kutoka aliposimama kwanza.

Hata hivyo Speke asilaumiwe kupita kiasi, maana pembetatu haipimi ng'ambo isiyoonekana. Burton alimkatalia kwamba hapo ndipo chimbuko la Nili, na wengine walidai kuwa ni maziwa kadhaa. Lilithibitika kuwa ziwa moja Stanley alipolizunguka kwa mashua, akianzia Kageyi, Machi 1875.