Mjukuu, Miaka 6

Usiku wa tarehe 7 Aprili 1861, nyumba moja ya wakulima huko Banffshire, kaskazini-mashariki mwa Scotland, ilikuwa na watu wanane na vyumba viwili vyenye dirisha. Najua habari ya madirisha kwa sababu sensa ya Scotland mwaka huo iliyauliza. Mkuu wa kaya alikuwa mpangaji wa ekari arobaini. Chini ya jina la mkewe na wanawe, karani ameandika jina la mtoto wa kiume: mjukuu, miaka 6. Jina lake la ukoo si la babu yake.

Familia hii sitaitaja jina. Nilikuwa nasomea jambo jingine kabisa, kodi za mashamba, lakini yule mtoto alinikwamisha wiki tatu.

Kwenye sensa ya 1851 hayumo, ni kawaida, hajazaliwa. Yupo binti wa nyumba, miaka 19. Mwaka 1861 binti ndiye hayupo. Mtoto wa miaka sita usiku ule alizaliwa kati ya Aprili 1854 na Aprili 1855, na hapo ndipo penye mtego: serikali ilianza kuandikisha vizazi Scotland tarehe 1 Januari 1855. Vyeti vya mwaka ule wa kwanza ni hazina, vinauliza hata umri wa wazazi na mahali walikozaliwa. Nilivipekua vyote vya parokia ile. Hakuna kitu. Alizaliwa mapema mno, pengine kwa wiki chache tu.

Ikabaki kanisa. Wazee wa kanisa la parokia walikuwa wakiwaita wanawake waliozaa nje ya ndoa, wanawahoji, wanaandika majibu. Karatasi hizo zinachosha kusoma, si kwa mwandiko tu. Binti alisimama mbele ya wanaume waliomfahamu tangu utotoni, akaulizwa baba ni nani na wapi walikutana. Alimtaja kijana mwendesha plau wa shamba hilohilo, aliyekwishaondoka mwezi Mei.

Mei si bahati mbaya. Vibarua wa mashamba ya huko walifunga mkataba wa miezi sita, wakajinadi upya kwenye magulio ya Mei na Novemba. Kijana asiyeoa alilala bandani, akala jikoni kwa tajiri wake, kisha akahamia bonde jingine. Nyumba ya kuishi na mke hakupewa. Wachungaji waliandika mengi kuhusu uasherati wa mkoa huo, ambako zaidi ya mtoto mmoja kati ya saba alizaliwa nje ya ndoa. Kuhusu nyumba waliandika kidogo. Mimi nawalaumu wenye mashamba zaidi.

Lakini bibi na babu walimpokea mtoto. Hilo halimo kwenye kumbukumbu za wazee. Limo kwenye neno moja la karani wa sensa.

Mwaka 1871 nilimpata mama yake parokia ya jirani, ameolewa, ana watoto wanne. Wa kwanza hayumo kati yao. Ana miaka 16, yuko kwenye shamba la mtu mwingine, na kwenye safu ya kazi wameandika mtumishi wa shamba.