Mchongaji wa Bonde la Tyne

Iko picha moja, haipiti upana wa kiganja, iliyochongwa katika ubao na kupigwa chapa. Ndani yake mna mto, na daraja nyuma yake. Na mzee mmoja avuka majini, ameshika mkia wa ng'ombe wake. Amekwepa ushuru wa daraja, nao ni senti chache tu, na sasa kofia yake yachukuliwa.

Aliyeichonga ni Thomas Bewick, aliyezaliwa mwaka 1753 huko Cherryburn, karibu na mto Tyne, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, tena alikodi mgodi mdogo wa makaa. Mtoto hakufundishwa kuchora na mtu. Alichora kwa chaki juu ya mawe ya makaburi, na katika sakafu ya kanisa la Ovingham. (Sisi walimu twajua tungalimfanya nini!) Mwaka 1767 alitiwa kwa fundi Ralph Beilby, mjini Newcastle, ajifunze kazi miaka 7. Alipokuwa huko, mwaka 1771, mafuriko ya Tyne yalibomoa hata daraja la Newcastle.

Wachongaji wa kale walitumia kisu juu ya ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti. Bewick, ingawa hakuwa wa kwanza, alitumia mti mgumu uliokatwa kwa kukingama, kama gogo likatwavyo, akachonga uso wake kwa vile vyuma vyembamba vya kuchorea shaba. Palipokatwa pakawa peupe. Palipoachwa pakashika wino. Hivyo aliweza kuonyesha hata unyoya wa ndege na wimbi dogo la maji. Tena kibao kilikuwa na kimo sawa na herufi za chapa, basi picha na maneno vikapigwa pamoja.

Mwaka 1776 alikwenda London. Kazi ilikuwako, lakini mwaka haukutimia akarudi Newcastle, akashirikiana na Beilby; na kila juma alikwenda kwa miguu kuwatazama wazazi wake Cherryburn, mpaka walipokufa mwaka 1785. Kwa maoni yetu, njia ile ndiyo iliyompa picha zake. Vitabu vyake vya wanyama na ndege, vilivyotoka tangu 1790 hata 1804, vimejaa vijipicha vya namna hii mwisho wa habari: mvua, ua bovu, msafiri aliyechoka. Yule mzee wa ng'ombe hakuchongwa kwa dharau. Mchongaji alijua uzito wa senti nyumbani kwa maskini.

Alikufa mwaka 1828, akazikwa Ovingham, penye kanisa lile lile.