Kusafisha Picha: Historia ya Neno na Fundisho Lake

Neno "kusafisha", kwa mpiga picha wa Tanzania, lina historia yake. Enzi za filamu, picha zilipokwisha kupigwa, filamu ilitiwa dawa katika chumba cha giza, ikaoshwa kwa maji na kuanikwa. Ndipo picha zikatolewa juu ya karatasi. Kazi hiyo yote wananchi waliiita kusafisha picha. Ni jina lililotokana na kazi yenyewe.

Leo filamu imekwisha kuondoka, lakini neno limebaki. Huko Kidodi, wilayani Kilosa, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, mteja humpa mpiga picha simu yake na kusema, "Nisafishie hii." Hakusudii madoa yaondolewe, ataka picha ya karatasi.

Hapo ndipo penye mtihani wa mfasiri. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kutengeneza programu ya kompyuta ya kuhariri picha, iitwayo GIMP, ambayo ilitolewa kwa umma mwaka 1996. Hii ni programu huria: hutolewa bure, na leseni yake yamruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Kwa hiyo anayetaka kuifasiri hana haja ya kuomba idhini. Kwamba kazi ya namna hii yawezekana kwetu ilithibitika mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhirikiana na wataalamu wa Uswidi kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Hata hivyo, leseni haileti istilahi. GIMP inacho chombo cha kuondoa madoa katika picha. Mfasiri akikiita "safisha", mwanafunzi wa Kidodi atakibonyeza akingoja karatasi itoke. Yafaa basi "kusafisha" lisipewe maana ya pili. Kazi ya chombo hicho iitwe "kufuta madoa". Nalo neno "tabaka" latosha kutaja sehemu za picha zipangwazo moja juu ya nyingine.

Mwunda istilahi hana budi kuwauliza kwanza wenye kazi. Wasomaji wanaojua maneno mengine ya wapiga picha wa mahali pao wanaombwa kuyaleta, yapimwe kabla ya kusanifiwa.