Mlango wa Chuma Mwilini mwa Bakteria

Mwaka 1912, Frederick Twort wa taasisi ya utafiti ya Brown jijini London, pamoja na mwenzake George Ingram, alieleza jinsi walivyofanikiwa kuotesha maabarani bakteria mkaidi: yule anayewaharisha ng'ombe mpaka wakakonda na kufa. Bakteria huyo alikuwa akisusa kila chakula. Alikubali kuota pale tu alipochanganyiwa mabaki ya ndugu zake waliokufa, bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Twort akahitimisha kwamba ndugu hao wana kitu ambacho huyu hawezi kujitengenezea. Kitu hicho kilipatikana kikiwa safi mwaka 1949, kikaitwa maikobaktini. Kazi yake ni kunasa chuma.

Twort anakumbukwa zaidi kwa virusi vinavyoshambulia bakteria, alivyovieleza mwaka 1915. Kwa maoni yangu, hili la ng'ombe limedhulumiwa.

Chuma kimejaa ardhini, lakini penye oksijeni hugeuka kutu, na kutu haiyeyuki majini. Mwilini mwetu shida ni nyingine, na ilianza kueleweka kupitia yai la kuku. Mwaka 1944 huko Marekani, Arthur Schade na Leona Caroline waliona kuwa ute mbichi wa yai unawazuia bakteria wa kuhara damu wasikue. Wakaongeza madini, moja baada ya jingine. Kilichowarudishia bakteria uhai ni chuma peke yake. Kumbe ute haukuwa na sumu, bali una protini inayokishika chuma chote kisiguswe. Mwaka 1946 wakakuta protini ya namna hiyohiyo katika damu ya binadamu. Leo tunaiita transferini.

Bakteria naye ana jibu lake. Hutoa nje molekuli ndogo, siderofori, zikatafute chuma na kukileta. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani na wa Australia, kila kundi kivyake, waligundua enterobaktini, na mpaka leo hakuna siderofori inayojulikana inayoishinda kwa nguvu ya kushika chuma.

Ila siderofori iliyobeba chuma ni mzigo mkubwa mno kupita katika vitundu vya kawaida vya utando wa nje wa bakteria. Unahitaji mlango wake, na mlango mmojawapo ulikuwa umeshakutwa kabla ya mtu kujua ni wa nini. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walichunguza bakteria walionusurika na virusi ambavyo leo huitwa T1. Baadaye ilibainika kuwa baadhi ya wanusurika wa aina hiyo wamepoteza protini moja ya utando wa nje, na katika miaka ya 1970 ikajulikana kwamba protini hiyo ndiyo inayopokea siderofori. Virusi vilikuwa vikiingia kwa mlango wa chuma! Yaani mambo mawili ya Twort yalikutana hapo.

Picha kamili ya mlango huo ilipatikana mwaka 1998: pipa lililosukwa kwa nyuzi 22 za protini, na ndani yake kizibo. Siderofori ikitua, kizibo hulegea. Utando wa nje hauna nishati yake, kwa hiyo nguvu hutoka utando wa ndani, ikipitishwa na protini iitwayo TonB. Kutoka hapo pampu za utando wa ndani huuvuta mzigo kwa kuchoma ATP, molekuli ya nishati ya seli.

Madaktari nao wanaitumia njia hiyo. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha sefiderokoli, antibiotiki ya kampuni ya Shionogi ya Japani, iliyoungwa na kipande kinachonasa chuma kama siderofori. Bakteria huipokea mwenyewe na kuivuta ndani. Hata hivyo, tayari wameonekana wagonjwa wenye bakteria ambao milango yao imeharibika, na dawa hiyo haiwaingii bakteria hao vizuri.