Kutoka Tafsiri hadi Utunzi: Chimbuko la Nyimbo za Ibada za Kiswahili

Wimbo wa ibada huundwa na vitu viwili, maneno na lahani, yaani ule mwendo wa kupanda na kushuka kwa sauti ambao wanakwaya huuita tuni. Na historia ya uimbaji katika makanisa ya Tanzania ni, kwa sehemu kubwa, historia ya vitu hivyo viwili vilivyozaliwa mbalimbali na hatimaye kuanza kuzaliwa pamoja. Wamisionari wa Kijerumani na Kiingereza walioingia nchini katika karne ya 19 walizitafsiri tenzi za makwao kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, lakini lahani zake wakaziacha kama zilivyokuwa. Ngoma na manyanga vilibaki nje ya mlango wa kanisa, kwa kuwa wengi wao waliviona kuwa havitenganiki na matambiko.

Tafsiri hizo zililea imani ya vizazi vingi na hadi leo zinapendwa, ila zilikuwa na kasoro ya kimuundo. Katika Kiswahili mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana "Mungu" hukaziwa kwenye "Mu" na "Mwokozi" kwenye "ko". Lahani nyingi za Kijerumani na Kiingereza huanza kwa pigo jepesi na kumaliza mstari kwa pigo zito, kwa kuwa ndivyo mashairi ya lugha hizo yalivyopimwa. Neno "Mungu" likiwekwa mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, pigo zito huiangukia "ngu", na mwimbaji hulazimika kulitamka jina analolicha kuliko yote kwa namna ambayo hangelitamka katika sala. Katika lugha zenye toni, kama Kisambaa, ambamo kupanda au kushuka kwa sauti huweza kubadili maana, lahani ngeni iliweza kulivuruga hata neno lenyewe.

Mageuzi yalianza katika miaka ya 1950. Kwa Wakatoliki, waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1955 kuhusu muziki mtakatifu uliipa heshima miziki ya mataifa yaliyohubiriwa Injili, na mwaka 1959 Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alitunga Misa Baba Yetu kwa kufuata muziki wa Kibantu. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipanua nafasi ya lugha za wenyeji katika liturujia, yaani utaratibu rasmi wa ibada, na mahitaji ya nyimbo mpya yakaongezeka.

Kwa Walutheri, kitovu kilikuwa Chuo cha Theolojia cha Makumira, chini ya Mlima Meru, ambako mwalimu Howard Olson kutoka Marekani aliwahimiza wanafunzi wake waandike maneno ya Kikristo kwa lahani za kwao. Katika nyimbo za asili za namna hii kiongozi huanzisha mstari na wengine humjibu kwa kiitikio, hata asiyejua kusoma akaweza kushiriki bila kitabu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi chuoni hapo, alitunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa lahani ya asili ya Tanzania, na mwaka 1968 Olson alitoa mkusanyo wa nyimbo za aina hiyo ulioitwa Tumshangilie Mungu.

Mwaka 1969 wimbo huo wa Kyamanywa ulipata maneno ya Kijerumani, nao ukaingia baadaye katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani. Safari hii Mjerumani ndiye aliyepimia maneno yake lahani ya Tanzania, kama Kiswahili kilivyopimiwa lahani za Ulaya kwa miongo mingi. Leo magitaa na vinanda vya umeme vimeungana na ngoma ndani ya kanisa, lakini mtunzi wa kwaya bado anabeba wajibu uleule: kuusema mstari wake kwanza kama unavyosemwa katika sala, ndipo autafutie sauti.