Damu na Siri za Dola

Wahenga walinena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo yafaa kwa tahadhari, lakini ni hatari ikifanywa sheria. Kila dola ina siri zake, na mwenye siri hana budi kuchagua wasiri wake. Lililo gumu ni kipimo: je, mtu apimwe kwa matendo yake, au kwa ukoo aliozaliwa?

Katika mwaka wa 1953 hofu ya ukomunisti ilikuwa imetanda Marekani. Milo Radulovich, luteni wa akiba wa Jeshi la Anga na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliarifiwa kwamba alihesabiwa kuwa hatari kwa usalama wa taifa. Uaminifu wake mwenyewe haukutiliwa shaka. Hatia ilikuwa ya jamaa zake: baba yake, mhamiaji wa asili ya Kiserbia, alidaiwa kusoma gazeti la Kiserbia lenye mwelekeo wa kikomunisti, na dada yake alishukiwa kwa siasa zake. Alitakiwa ajiuzulu, akakataa. Baraza la maofisa lilisikiliza shauri lake; mashtaka yalikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na wakili wake hakuonyeshwa yaliyomo. Baraza likashauri aondolewe.

Tazama uchungu wa jambo hili. Ili alinde cheo chake, ilimpasa kijana huyo amkane baba na dada. Naye aliuliza kama watoto wake nao wangetakiwa siku moja kumkana yeye. Tarehe 20 Oktoba 1953 mtangazaji Edward R. Murrow alilileta shauri hilo mbele ya watazamaji wa televisheni nchini kote. Tarehe 24 Novemba Waziri wa Jeshi la Anga, Harold Talbott, alitangaza kwamba Radulovich angebaki jeshini.

Haki ya mtu mmoja, hata hivyo, si haki ya wote. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu, katika shauri la mhandisi William Greene, iliamua kwamba serikali haikuwa na idhini ya kumnyima ruhusa ya siri, na kwa hiyo kazi yake, bila ya kumkabilisha na waliomshuhudia. Mwaka 1960 amri ya Rais iliweka utaratibu wa kumweleza mfanyakazi wa viwanda vya ulinzi sababu za kunyimwa.

Kanuni za 2017 zinauliza swali jingine. Jamaa wa ng'ambo si hatia. Linaloulizwa ni kama dola ya kigeni yaweza kumshika mtu kwa kumtesa au kumtishia mzazi wake, na kama mizizi yake Marekani ni mirefu kiasi cha kumfanya aichague. Hofu hiyo si ya bure, maana ni nani asiyetikisika mama yake akiwa mikononi mwa adui? Lakini shaka ikibaki, huamuliwa kwa faida ya taifa. Na mwaka 1988 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba hakuna mwenye haki ya kupewa ruhusa hiyo.

Basi dola ina haki ya kuuliza habari za jamaa. Haina haki ya kuficha swali ndani ya bahasha. Mtu hachagui tumbo la kumzaa. Apewe walau nafasi ya kujibu.