Msiri, M'siri, Mushidi: Jina la Mwami Mmoja Kinywani na Kalamuni

Mwami wa Bayeke aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 huonekana katika vitabu vya historia ya Katanga kwa maumbo kadhaa ya jina: Msiri, M'siri, Msidi, Mushidi. Mwanafunzi anayeanza utafiti aweza kudhani kwamba hao ni watu mbalimbali, au kwamba umbo moja ni sahihi na mengine yote ni makosa. Fikra zote mbili zapotosha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hizo zina asili mbili. Baadhi zilizaliwa kinywani, zikafuata kanuni za lugha; nyingine zilizaliwa katika kalamu ya mgeni. Kutozitenganisha ni kuwatwika wasemaji makosa ya waandishi.

1. Jina kinywani

Ngelengwa, mwana wa Kalasa, alizaliwa Unyamwezi yapata mwaka 1830. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa safari za mbali aliyefika Katanga kwa ajili ya shaba. Mwana alifuata njia hiyo hiyo, akakaa, akajenga dola ambayo makao yake yalikuwa Bunkeya, akajulikana kwa majina ya Mwenda na Msiri. Mji huo ulikutanisha Wanyamwezi, Wasumbwa, Basanga, Balamba, Baluba, pamoja na wafanyabiashara wa pwani ya mashariki na wa Angola. Katika mkutano wa lugha nyingi namna hiyo, jina haliwezi kubaki na sauti moja.

Katika Kiluba na lugha za jamaa yake, sauti l hugeuka d inapofuatwa na i. Kitenzi -bala, chenye maana ya kuhesabu au kusoma, huwa -badila kinaponyambuliwa katika hali ya kutendea. Vivyo hivyo s hugeuka sh mbele ya i. Isitoshe, pale ambapo Kiswahili hutamka m pekee kama silabi, lugha hizo husema mu. Msomaji akizilinganisha Msiri na Mushidi kwa kanuni hizo tatu, ataona kwamba hakuna sauti hata moja iliyobadilika ovyo: m na mu, s na sh, r na d. Kila umbo ni sahihi katika kinywa chake. Msanga aliyesema Mushidi hakumdharau mwami wala hakuharibu jina lake. Alilipokea katika lugha yake, kama vile Mswahili asemavyo Yohana na Petero pasipo kumvunjia mtu heshima.

2. Jina kalamuni

Wamisionari waliokaa Bunkeya waliandika walichosikia. Frederick Stanley Arnot, aliyefika huko mwaka 1886, aliandika Msidi. Dan Crawford aliandika Mushidi. Kitabu cha Arnot cha mwaka 1889 kiliitwa Garenganze, kwa jina la nchi lililotokana na lile la Wagaraganza wa Unyamwezi. Maandishi yao, hata yanapotofautiana, ni ushahidi kwa mwanaisimu, kwa sababu nyuma ya kila herufi pana msemaji.

Umbo M'siri lina habari nyingine. Alama iliyowekwa baada ya m haiwakilishi sauti yoyote. Msomaji wa Kifaransa hakuzoea neno linaloanza kwa m na s pamoja, akatafuta mahali pa kupumzisha ulimi. Kiswahili hakina haja ya alama hiyo: mtu, msitu na mzee huandikwa bila kitu katikati, na alama ya namna hiyo hutumika katika ng' peke yake, ambako huonyesha sauti halisi. Hata hivyo M'siri limeenea katika vitabu hata likaonekana kuwa ndilo jina lenyewe, na Wakongo wengi huliandika hivyo wakidhani wanafuata desturi ya wazee.

Jambo kama hilo lilitokea kwa kiwango kikubwa zaidi upande wa magharibi. Wareno, waliofika kwenye mlango wa mto mkuu mwaka 1482, walisikia Nzadi, neno la Kikongo la mto, nao wakaandika Zaire. Tarehe 27 Oktoba 1971, wakati wa siasa ya uhalisi, iliyowataka raia waache majina ya kigeni, nchi nzima ilipewa jina hilo, ambalo lilikuwa neno la wenyeji lililopita katika sikio la Mreno. Lilidumu hadi Mei 1997.

3. Jina na muhuri wa serikali

Kosa la kitabuni laweza kusahihishwa katika chapa ya pili. Kosa la karani lina uzito mwingine. Chini ya utawala wa Wabelgiji, majina ya Kibantu yaliandikwa kwa kufuata mazoea ya Kifaransa. Sauti ambayo Kiswahili huiandika ch iliandikwa tsh, ndiyo sababu ya kuandikwa Tshombe na wala si Chombe. Nusu-irabu w na y ziliandikwa kila karani alivyopenda. Hivyo Mwamba na Muamba, Ngoy na Ngoie, Kyungu na Kiungu ni majina yale yale. Lakini ndugu wa tumbo moja, walioandikishwa mahali mbalimbali, waweza kuwa na herufi tofauti. Ukoo uliokuwa mmoja kinywani ukawa miwili kwenye karatasi, na siku ya urithi au ya kudai cheti cha shule, karatasi ndiyo inayoaminiwa.

Mwaka 1974 wanaisimu walikutana Lubumbashi ili kuweka kanuni za pamoja za kuandika lugha za nchi. Kanuni hizo zilihusu lugha. Majina yaliyokwisha kuandikwa yalibaki yalivyo. Kisha Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikataza mtu kubadili jina lake au tahajia yake kama ilivyotangazwa mbele ya ofisa wa serikali, isipokuwa kwa idhini ya mahakama ya amani na kwa sababu ya haki. Nia ilikuwa njema: kuzuia udanganyifu. Lakini kosa la karani lilipata ulinzi ule ule uliopewa jina sahihi, na mzigo wa kulisahihisha ukamwangukia mwenye jina, ambaye hakulitenda.

Kwa hiyo mtafiti wa historia hana budi kuyaandika maumbo yote ya jina ayaonayo, akieleza kila moja lilitoka kinywa gani au kalamu gani, badala ya kuchagua moja na kuyafuta mengine. Naye ofisa wa uandikishaji ana wajibu ulio mwepesi zaidi: kumwuliza mzazi jina, kuliandika, kumsomea kwa sauti, na kungoja jibu lake kabla ya kupiga muhuri.